Canon, Nikon, Sony au Fuji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwanga na fokasi, kutoka Lamu

Mimi hupiga picha za harusi za akina mama hapa Lamu, na msimu wa wageni ukiingia hupiga pia majahazi na mji wenyewe. Vijana wanaotaka kununua kamera ya mtumba kutoka Mombasa au Nairobi huniandikia sana, na wengi huuliza yale yale: ipi inapima mwanga vizuri, na ipi inashika fokasi (ukali wa picha pale ulipolenga) bila kubahatisha? Majibu ninayoyarudia nimeyaweka hapa. Msimamo wangu ni huu: kwenye mwanga, makampuni yanatofautiana kidogo kuliko inavyodaiwa barazani. Kwenye fokasi yanatofautiana sana, ila kinachoamua ni mwaka kamera ilipotoka, si jina lililoandikwa mbele yake.

Kampuni gani inapima mwanga kwa usahihi zaidi?

Swali hili huja na jibu lake mfukoni. Mwenye Nikon anataka kusikia Nikon, mwenye Canon vivyo hivyo. Lakini kipimo kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, kisha kinachukulia kwamba kitu hicho ni cha kijivu cha wastani, kama ile kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Elekeza kamera kwenye ukuta uliopakwa chokaa, ukuta utatoka kijivu. Elekeza kwenye buibui jeusi, nalo litatoka kijivu. Hapo wote ni ndugu.

Wanaachana kwenye ile modi ya kupima fremu nzima. Canon huiita Evaluative, Nikon ni Matrix, Sony na Fujifilm ni Multi, Olympus ni ESP. Nikon walitangulia na kamera ya filamu iitwayo FA mwaka 1983, na mwaka 1996 wakaweka kwenye F5 sensa ya kupimia (kifaa kinachohisi mwanga) yenye pikseli 1,005 iliyoweza kutambua rangi. Tangu hapo kila kampuni imejiamulia nini cha kulinda. Canon hutegemea sana pale pointi yako ya fokasi ilipo. Ukiihamisha pointi kutoka kwenye kanzu kwenda kwenye buibui, fremu ile ile inaweza kung'aa zaidi ingawa jua halijasogea. Mtu asiyelijua hili husema Canon "inayumba". Haiyumbi, inamfuata yeye.

Nikon, kuanzia D810 ya mwaka 2014, waliongeza modi ya Highlight-weighted, ambayo kazi yake ni kulinda sehemu zinazong'aa kuliko zote. Sony wana kitu kama hicho kwenye kamera zao za karibuni. Kwa mtu anayepiga kanzu nyeupe juani hiyo ni neema, na ningeithamini kuliko pikseli za ziada.

Kwa nini kanzu inaungua na buibui linakuwa kijivu, hata kwa kamera ya bei kubwa?

Chukua zefe la Maulidi. Wanaume wamevaa kanzu nyeupe chini ya jua la mchana, mitaa ni membamba, nusu ya njia iko kivulini, na pembeni akina mama wamesimama na mabuibui. Tofauti ya mwanga kati ya bega la kanzu na mkunjo wa buibui ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kuibeba kwenye JPEG moja, ile picha inayotoka kwenye kamera ikiwa imeshapikwa. Lazima uchague, na usipochagua wewe, kamera itakuchagulia.

Fidia ya mwanga, kile kitufe cha +/-, ndiyo kazi yenyewe. Kanzu zikijaa fremu, ongeza stopu moja hadi mbili. Mabuibui yakijaa, punguza stopu moja au zaidi kidogo. (Stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu.) Fremu ikichanganya vyote viwili, pima kwa kilicho cheupe, kisha ufungue vivuli baadaye kutoka kwenye faili ya RAW, yaani data ghafi ya sensa. Giza lina uhai ndani yake, lakini cheupe kilichoungua hakirudi.

Usiiamini skrini ukiwa juani. Vuta picha kwa karibu uangalie nakshi ya uzi shingoni mwa kanzu. Ukiona mishono, umesalimika. Shingo yote ikiwa bapa kama karatasi, punguza theluthi mbili za stopu na upige tena kabla zefe halijapinda kona. Kwenye buibui angalia shanga za mkononi: shanga zing'ae na kitambaa kibaki cheusi. Kitambaa kikigeuka rangi ya jivu, umezidisha.

Tumeweka ISO 400, f/4 na 1/250 kwenye Canon yangu na Fuji ya rafiki yangu. Fuji imetoka na giza zaidi. Ipi mbovu?

Huenda hakuna mbovu. ISO ya kamera ya dijitali, yaani wepesi wake kwa mwanga, ni lebo inayotegemea kanuni iitwayo ISO 12232, na kanuni hiyo ina njia zaidi ya moja ya kuipata namba. Njia mojawapo, REI, inampa mtengenezaji uhuru wa kuamua mwenyewe picha yenye mwangaza unaofaa ni ipi. Ndiyo maana ISO 400 ya huyu si lazima iwe ISO 400 ya yule. Fujifilm wanajulikana kwa hili, na mara nyingi utahitaji shata (ile 1/250, muda wa kuruhusu mwanga uingie) ya polepole kidogo kwao ili upate picha yenye mwangaza ule ule. Tovuti ya DxOMark hupima ISO kutoka kwenye data ghafi ya sensa, na ndiyo sababu namba zao hazilingani na zilizoandikwa kwenye kamera.

Lenzi nayo ina lake. f/4 ni hesabu ya upana wa tundu la lenzi, haisemi ni mwanga kiasi gani unafika kwenye sensa. Kila kioo ndani ya lenzi hula kidogo, kwa hiyo zumu yenye vioo vingi inaweza kuleta mwanga pungufu kuliko lenzi fupi ya 50mm, zote zikiwa f/4. Wapiga sinema hutumia namba za T badala ya f kwa sababu hiyo hiyo.

Basi nalinganishaje kamera mbili bila maabara?

Tenganisha maswali matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza, sensa na lebo yake ya ISO. La pili, uamuzi wa kipimo. La tatu, kamera kurudia jambo lile lile bila kubadilika.

Kwa la kwanza, tafuta ukuta wa chokaa ulio kivulini, mbali na miti inayotikisika. Asubuhi yenye anga safi inafaa. Mawingu ya kusi yanayopita yataharibu jaribio katikati. Weka kamera zote modi ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO moja, f moja, shata moja, zima marekebisho yote ya vivuli, piga RAW, na uzipige mfululizo ndani ya dakika moja. Kama lenzi ile ile inaingia zote mbili kwa adapta, bora zaidi. Kisha fungua faili kwenye programu inayoonyesha data ghafi, kwa mfano RawDigger au FastRawViewer. Histogramu ya kwenye kamera (mchoro wa mgawanyo wa mwanga) hutengenezwa kutoka JPEG, na JPEG imeshatiwa viungo vya kampuni.

Kwa la pili, rudi kwenye A au Av (wewe unachagua f, kamera inachagua shata), weka fremu ile ile, na uandike shata ambayo kila kamera imechagua. Fanya hivyo kwa ukuta, kwa daka (ukumbi wa mlangoni) la nyumba lenye giza ndani na mwanga nje, kwa ufuo wa Shela, na kwa mtu aliyesimama kivulini mgongo wake ukiwa kwenye bahari. Huo wa mwisho ndio utakaokuonyesha tabia ya kila kampuni, kwa sababu kamera inabidi iamue imwokoe mtu au iiokoe bahari. Ukitumia DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) kwenye tripodi, ziba dirisha la kuchungulia. Kipimo chake kimekaa juu karibu na dirisha hilo, na jua likiingia kwa nyuma hukidanganya. Kamera zisizo na kioo hicho (mirrorless) hazina tatizo hilo, zinapima kwa sensa ile ile ya picha.

La tatu ndilo watu hulisahau, na kwa mtumba ndilo muhimu kuliko yote. Piga picha kumi za ukuta ule ule kwa mipangilio ile ile, f/8 au f/11. Zote zitoke sawa. Mbili tatu zikitoka na mwanga zaidi, majani ya tundu la lenzi yananata au shata imechoka. Jaribu tena kwa lenzi wazi kabisa: tatizo likitoweka, mgonjwa ni lenzi.

Kuna kipimo cha jua kisichohitaji mashine?

Kipo, na wapiga filamu walikitegemea. Jua kali, anga safi, jua likiwa nyuma yako: f/16, na shata iwe sawa na ISO. Yaani ISO 100, 1/100 au 1/125. Kwenye mchanga mweupe wa Shela punguza kama stopu moja, kwa sababu mchanga unaongeza mwanga wake. Saa nne asubuhi siku isiyo na wingu, piga hivyo kwa kamera unayotaka kununua. Picha ikitoka na giza nene au ikiungua yote, usitoe pesa bado.

Ukumbini picha moja inang'aa, ya pili giza, ya tatu njano. Kipimo kimeharibika?

Taa, dada yangu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei rahisi na zile ndefu za mirija huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, shata ya 1/500 inaona. Picha moja inakamata taa ikiwa juu, nyingine ikiwa chini, na rangi inabadilika nayo. Shuka hadi 1/100 au 1/50 na mambo yatatulia. Canon waliweka kizuizi cha hali hii kwenye EOS 7D Mark II mwaka 2014: kamera husubiri taa ifike kileleni ndipo ipige. Makampuni mengine yamefuata, kwa hiyo tafuta neno Flicker kwenye menyu. Shata ya kielektroniki isiyo na sauti itakuletea mistari kwenye ukuta wa ukumbi, izime.

Na usilinganishe kamera mbili chini ya taa hizo. Nimeona ugomvi mzima wa Sony na Canon ambao chanzo chake kilikuwa balbu.

Fuji yangu inakataa kushusha ISO. Imekwama?

Angalia mpangilio wa DR. Ukiwa DR200, kamera hupiga ikiwa imepunguza mwanga stopu moja ili ilinde vyeupe, kisha huinua vivuli. Kwa hiyo ISO ya chini kabisa inapanda, na DR400 inaipandisha tena. Nikon wana Active D-Lighting, ambayo nayo inaweza kugusa mwanga wenyewe ukitumia Matrix. Auto Lighting Optimizer ya Canon inagusa JPEG tu, lakini Highlight Tone Priority yao huanzia ISO 200. Zima vyote hivi kabla hujalinganisha chochote.

Kwenye fokasi, nani mbele?

Uliza kwanza: kamera ya mwaka gani? Mwaka 2013 Canon walitoa EOS 70D yenye Dual Pixel, ambapo kila pikseli imegawanywa vipande viwili vinavyolinganisha mwanga, na fokasi ya video ikabadilika hapo. Mwaka 2017 Sony A9 ikaja na pointi 693 na picha 20 kwa sekunde. Mwaka 2018 Nikon Z6 na Z7 ziliingia sokoni bila fokasi ya jicho kabisa, yaani kamera kulitafuta jicho la mtu yenyewe. Ikaongezwa kwa programu mwaka 2019. Mwaka huo huo Sony waliboresha A7 III kwa programu tu, bila kubadilisha chuma, na ikawa kama kamera nyingine. Mwaka 2020 Canon R5 na R6 ziliwafikia Sony kwa watu na wanyama. Mwishoni mwa 2021 ikaja Nikon Z9, isiyo na shata ya kimakanika, na kelele za "Nikon haishiki" zikaisha kwa wenye uwezo wa kuinunua. Panasonic walishikilia fokasi ya kutofautisha kingo, inayotafuta ukali kwa kwenda na kurudi, hadi Januari 2023, walipotoa S5 II. Lumix zao nyingi za kabla yake hupumua kwenye video, mandhari ya nyuma yakienda na kurudi, na kwa video ya bibi harusi anayetembea sizipendekezi.

Kwa maoni yangu, kwa watu wanaosogea, Sony na Canon za tangu 2020 zinatosha, Nikon za kizazi cha Z8 na Z9 ziko nao bega kwa bega, na Fuji bado inafuata nyuma kidogo kwenye fokasi ya kuendelea ingawa rangi zake nazipenda kuliko za wote. Anayekuambia "Sony ni bora" bila kutaja modeli anakuuzia.

Kabla ya kuihukumu kamera yoyote, angalia toleo la programu yake. Sasisho ni bure: unalipakua, unaliweka kwenye kadi, unajaza betri, unaliingiza.

DSLR yangu inafokasi nywele badala ya macho. Ni mimi au ni kamera?

Inaweza kuwa kamera. DSLR hufokasi kwa sensa ya pembeni iliyo chini ya kioo, si ile inayopiga picha. Njia hizo mbili zikitofautiana hata kwa uzi, fokasi inaangukia mbele au nyuma ya ulipolenga. Kamera zisizo na kioo zinatumia sensa moja kwa yote mawili, kwa hiyo kosa hilo la kudumu karibu hulioni.

Jaribio: tandika mkeka wenye milia, simamisha kiberiti katikati yake uso ukielekea kamera, weka kamera kwenye tripodi, lenzi wazi kabisa, lenga kiberiti kwa pointi ya katikati. Usilenge mkeka wenyewe, kwa sababu umelala na kamera itachagua popote inapopenda. Kisha angalia mlia gani wa mkeka umekuwa mkali. Kabla ya kila picha zungusha fokasi mbali, ili kamera ianze upya. Ikikosea kila mara upande ule ule, rekebisha kwenye menyu: Canon huita AF Microadjustment, Nikon huita AF Fine-tune. Kamera ndogo kama Canon 700D na Nikon za D3000 na D5000 hazina. Ikikosea mara mbele mara nyuma, hapo hakuna cha kurekebisha kwa menyu.

Tangazo linasema fokasi inafanya kazi hadi -6.5 EV, jingine -4. Si ya kwanza inaona gizani zaidi?

EV huhesabu mwanga kwa stopu, na namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, giza linazidi. Lakini soma maandishi madogo. Canon wanapotaja -6.5 EV ya R6, wamepima kwa lenzi ya f/1.2. Sony wanapotaja -4 EV ya A7 IV, wamepima kwa f/2. Kati ya f/1.2 na f/2 kuna karibu stopu moja na nusu, kwa hiyo pengo la 2.5 linabaki kama moja hivi. Na wewe huna lenzi ya f/1.2, una zumu ya f/4 uliyopewa na kamera.

Ile taa nyekundu ya flashi za zamani, iliyokuwa ikisaidia DSLR gizani, haisaidii kamera nyingi zisizo na kioo. Wengi hulijua hili usiku wa harusi.

Je, kamera hizi zinatambua punda?

Swali zuri kuliko yote. Canon R6 Mark II ya mwaka 2022 inatambua mbwa, paka, ndege na farasi. Nikon Z9 ilitoka ikitambua aina tisa, kuanzia watu hadi treni na ndege za angani. Treni Lamu! Punda hayumo kwenye orodha yoyote kati ya hizo, ingawa umbo lake humfanya apite kama farasi mara nyingine, hasa akitazama mbele masikio yakionekana. Akiwa amebebeshwa magunia ya mchanga hadi shingoni, kamera huchanganyikiwa.

Jahazi nalo halimo. Kwenye mashindano ya vyombo zima utambuzi kabisa, tumia eneo dogo la pointi, lenga pale tanga linapokutana na mlingoti ambapo pana kivuli na kamba. Katikati ya tanga jeupe ni patupu, fokasi haina cha kushika. Ukitaka nyuso za mabaharia waliokaa kwenye ubao unaotoka nje ya chombo, utahitaji lenzi ndefu, na wakiwa wadogo kwenye fremu fokasi ya jicho haitawaona.

Na mwanamke aliyevaa ninja, yaani uso umefunikwa na macho tu yanaonekana?

Kwanza ruhusa. Hapa hupigi picha ya mwanamke njiani bila kumwomba, na "si alikuwa mbali" si jibu. Akikubali, ujue kwamba utambuzi wa uso unategemea macho, pua na mdomo kwa pamoja. Kamera mpya hushika macho peke yake mara nyingi, za zamani hukimbilia mkono wenye hina au pambo la mkoba. Tumia pointi moja ndogo na uiweke mwenyewe kwenye jicho la karibu. Ni haraka kuliko kugombana na mashine.

Ngozi nyeusi kivulini nayo huipa kamera kazi, kwa sababu fokasi hutaka tofauti ya mwanga na kivuli. Msogeze mtu hatua mbili karibu na mlango, mwanga umpige ubavuni, utaona mraba umeganda usoni pake. Ukipima mwanga kwa pointi ya uso mweusi, punguza kidogo, la sivyo kamera itampausha. Na hapa pana tofauti ya kampuni inayowaangusha wanaohama: kwenye DSLR nyingi za Canon, kipimo cha Spot hukaa katikati tu hata kama pointi ya fokasi iko pembeni. Kwenye Nikon hufuata pointi. Sony hukuachia uchague kwenye menyu.

Kwa nini kamera ghali inashindwa kufokasi boriti za dari?

Kwa sababu zimelala. Sensa nyingi za kamera zisizo na kioo husoma tofauti kwa upande mmoja tu, kwa hiyo mistari ya wima zinaiona, ya mlalo zinaikosa. Boriti, ngazi, mstari wa bahari na anga: lenzi inakwenda mbele na kurudi bila kutulia. Inamisha kamera kidogo, fokasi, rudisha. OM-1 ya OM System (zamani Olympus) ya mwaka 2022 ina pointi 1,053 zinazosoma pande zote mbili, na Canon wameileta tabia hiyo kwenye R1 ya mwaka 2024.

Najaribuje fokasi ya kufuata kitu?

Usijaribu kwa lenzi ya 24mm f/8. Ukifokasi mita tatu kwa mpangilio huo, kuanzia mita moja na kitu hadi upeo wa macho kila kitu ni kikali, na hata kamera iliyolala itafaulu. Tumia 85mm f/1.8: kwa mita tatu, kina cha ukali ni kama sentimita 13 kwa sensa kubwa. Hapo ndipo kamera inaonyesha adabu yake.

Mwombe mtu atembee haraka akikujia kwenye njia ya ufukweni, kisha akimbie. Shata 1/1000 au zaidi, ili mtikisiko usisingiziwe fokasi. Kamera zote ziwe AF-C, modi ya kufuata kitu bila kuacha (Canon huita Servo), eneo la fokasi la ukubwa mmoja. Hesabu picha ambazo kope zinahesabika, si zile "zinazoonekana sawa" kwenye skrini ndogo. Rudia kwa mtu anayetokea kivulini kwenda juani, maana Lamu ndiyo hali yenyewe.

Lenzi ya zamani ya Nikon haifokasi kwenye D3100 yangu.

D3100 haina mota ndani ya mwili. Lenzi za AF-D zinahitaji mota hiyo. Tafuta AF-S, zenye mota yao wenyewe, au fokasi kwa mkono.

Nina bajeti ya mtumba. Unipe jina.

Ukipiga vitu vilivyotulia, nyumba, milango, chakula: Canon 6D ya 2012. Ina pointi 11 tu na ya katikati ndiyo ya kutegemewa, lakini hiyo moja inaona hadi -3 EV. Ukipiga harusi na hela si nyingi: Nikon D750 ya 2014, pointi 51, mwili ulio na Fine-tune. Ukiweza kupanda: Sony A7 III ya 2018, hakikisha programu imesasishwa. Kinachobaki kitie kwenye lenzi. A7 III yenye zumu dhaifu itashindwa ukumbini na D750 yenye 85mm f/1.8.

Mbona simu yangu haiunguzi kanzu?

Simu hupiga fremu kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha. Kamera yako inapiga moja na kukuachia uamuzi.

Nikitoka kwenye chombo, fokasi inazidi kuwa nzito. Nini?

Chumvi. Rushasha za bahari hukauka juu ya lenzi na kuacha utando, utando hupunguza makali ya picha, na fokasi inategemea makali hayo. Usifute kikavu, utakwangua. Puliza, kisha tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji safi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, mvuke huganda kwenye kioo na hakuna kampuni itakayofokasi. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto.

Naweza kuleta kamera yangu tuilinganishe na zako?

Karibu, baada ya alasiri siku yoyote isiyo na harusi. Njoo na betri iliyojaa, kadi tupu, na ile lenzi unayoitumia kila siku, si ya kuazima. Na kabla hujafika rudisha mipangilio yote ya kiwandani. Nusu ya kamera "mbovu" ninazoletewa zimesahauliwa kwenye -1 ya fidia.